Njaa ya Saa Kumi Jioni

Wagonjwa wa kisukari wanapofika kliniki, dawa zao huzitaja kwa sauti. Ukiwauliza walikula nini jana jioni, wengi huinamisha macho. Nyumbani wameshaambiwa kwamba hawana msimamo, kwamba wanajimaliza wenyewe kwa maandazi na soda. Ushauri wangu kwa familia hizo ni mmoja: mtu mwenye kisukari akilalamika njaa kali au uchu wa kitu kitamu, mpimeni kwanza. Lawama zisubiri.

Nasema hivyo kwa sababu njaa hiyo ina asili zaidi ya moja, na tiba ya njaa moja ni sumu kwa nyingine.

Kuna njaa ya sukari iliyopanda. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayowezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Ikipungua, au mwili ukiacha kuiitikia, sukari hubaki kwenye damu: ghala limejaa, mlango umefungwa, wenye nyumba wanalala njaa. Ndiyo maana mtu mwenye sukari ya milimoli 17 kwa lita anaweza kumaliza sahani ya wali na muda mfupi baadaye akatafuta tena cha kula, huku kiu haimwishi na chooni anakwenda kila mara. Akiijibu njaa hiyo kwa mkate na juisi, sukari itazidi kupanda na njaa itabaki palepale. Anachohitaji ni maji, dawa zake kwa wakati, na kumwona daktari kama namba hazishuki.

Kisha kuna njaa ya sukari iliyoshuka, chini ya milimoli 4 kwa lita. Hii huja na jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na hasira zisizo na sababu. Hapo sukari ndiyo dawa. Mpe gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitamsaidia. Subiri dakika 15, mpime tena, na kama bado yuko chini ya 4 mpe tena. Akitulia, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Sasa mfikirie mama anayeuza nguo sokoni. Asubuhi amemeza kidonge chake cha kisukari, glibenklamidi, na kunywa chai. Mchana wateja wamejaa, hakula. Dawa ile hulisukuma kongosho litoe insulini, ule usile. Ikifika saa kumi jioni anatetemeka, anaagiza maandazi matatu na soda baridi. Soda ya mililita 300 peke yake huwa na gramu 30 hivi za sukari, mara mbili ya alichohitaji, na maandazi, kwa kuwa yana mafuta, huchelewa kusagwa na kuja kuongezea juu yake. Usiku anapima, anakuta 15. Anajiona mlafi, na kesho yake anajinyima mchana kwa makusudi ili afidie. Saa kumi inamkuta tena palepale. Kosa halikuwa kwenye maandazi, lilikuwa kwenye mchana mtupu. Ndiyo maana nasisitiza kila mtu ajue jina la kidonge anachomeza: metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho, lakini glibenklamidi, na insulini ya sindano, hushusha.

Kipimo kikisoma 6 au 8 na bado roho inataka kitumbua, hiyo ni hamu ya kawaida, ya mazoea, ya uchovu au ya usiku uliopita bila usingizi. Wapo pia ambao wamekaa na sukari ya juu miezi mingi, ikirudi kwenye 6 wanatetemeka kana kwamba imeshuka. Hao wasikimbilie soda. Mlo wa kawaida unatosha, na mwili utazoea.

Hamu hii hutulizwa na mpangilio wa sahani. Nusu iwe mboga, robo maharage, samaki, kuku au dagaa, robo iliyobaki wanga. Utaratibu wa kula nao una uzito. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwalisha watu 11 wenye kisukari mlo uleule kwa siku tofauti. Walipotanguliza mboga na kuku na kuacha wanga mwisho, sukari yao saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Ni utafiti mdogo, lakini kuujaribu hakuna gharama. Najua ugali humegwa na kuchovywa, hauliwi peke yake mwishoni. Basi anza na kachumbari na maharage vijiko kadhaa, ndipo uguse ugali. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, ila nayo ni wanga, na asali ni sukari vilevile. Katikati ya milo, karanga za kujaa kiganja hushibisha bila kurusha namba. Ukimaliza kula, tembea dakika 10 au 15.

Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, hilo nalijua. Kama una vichache, usivimalize vyote asubuhi. Tenga kimoja kwa ile saa ambayo njaa hukushika. Andika kwenye daftari saa, namba na ulichokula kabla. Usipunguze dozi mwenyewe. Siku ya kliniki, mwonyeshe daktari daftari hilo. Akiona 3.4 imejirudia saa kumi jioni, anaweza kubadilisha dawa au muda wa kuimeza. Akiona tu 12 ya asubuhi, huenda akakuongezea dozi ileile inayokutetemesha.