Kibodi au Kipanya? Mkono, Kumbukumbu na Lugha katika Kuvinjari Tovuti

Utangulizi

Sigor ni kituo cha biashara katika eneo la Chepalungu, kaunti ya Bomet. Kaunti hiyo na jirani yake Kericho zinasifika kwa chai. Anayemtazama mchumaji hodari wa chai hugundua kuwa kapu lake limo mgongoni. Vidole huchuma majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa hutupwa nyuma ya bega, na macho hayabanduki kichakani. Lau kapu lingewekwa mwisho wa mstari na kila konzi ipelekwe huko kwa miguu, jua lingetua kazi haijafika nusu.

Mfano huu unaafiki tofauti iliyopo baina ya kibodi, ambayo wengine huiita baobonye, na kipanya, au puku, katika kuvinjari tovuti. Makala hii inafafanua tofauti hiyo na kuonyesha kwamba suala hili, ambalo aghalabu huachiwa wataalamu wa kompyuta, lina upande wa lugha unaowahusu moja kwa moja wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Chimbuko la kipanya

Kipanya cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao. Kiliundwa mwaka 1964 na Bill English kutokana na wazo la Douglas Engelbart, nchini Marekani. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Jambo ambalo husahaulika ni kuwa siku hiyo mkono wake wa kulia ulishika kipanya, ilhali wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa chenye vitufe vitano vya kutolea amri. Hivyo basi, tangu mwanzo kipanya hakikukusudiwa kuviondoa vitufe. Viwili hivyo vilikusudiwa kusaidiana.

Jicho na kumbukumbu

Kipanya hutegemea jicho. Mtumiaji huona kiungo, hupeleka kishale na kubofya. Hahitaji kukariri lolote, na ndiyo sababu mgeni wa kompyuta hukipenda. Katika kuchora au kuvuta ramani huku na huko, kipanya hakina mpinzani. Kibodi, kwa upande wake, hutegemea kumbukumbu. Anayeijua hubonyeza Tab kwenda kwenye kiungo kinachofuata, Shift na Tab kurudi nyuma, na Enter kukifungua. Kitufe cha nafasi huteremsha ukurasa. Ctrl na F hutafuta neno, Ctrl na L humpeleka mtumiaji kwenye sehemu ya anwani, na Alt pamoja na mshale wa kushoto humrejesha alikotoka. Katika vivinjari vingi, ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya hufufuliwa kwa Ctrl, Shift na T.

Chukulia mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huko Sigor, anayejaza ombi la nafasi ya chuo kwenye kompyuta anayolipia kwa dakika. Fomu ina visanduku vingi. Akitumia kipanya, kila kisanduku kinamtaka ainue mkono, akitafute kishale, abofye, kisha arudi kwenye herufi. Huyu ni mchumaji anayepeleka kila konzi mwisho wa mstari. Akitumia Tab, kapu li mgongoni. Tofauti ya mara moja ni ndogo sana. Inayochosha mkono na mfuko ni marudio.

Pale kipanya kisipofaa

Kwa watu wengine suala hili halihusu wepesi wa kazi tu. Asiyeona hawezi kulenga kishale ambacho hakioni. Yeye hutumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama vile JAWS au NVDA, hii ya pili ikitolewa bila malipo tangu mwaka 2006. Kwa programu hizo, kubonyeza H humrukisha msomaji hadi kichwa kinachofuata, sawa na msomaji aonaye anavyopitisha jicho juu ya ukurasa. Vilevile, anayetetemeka mikono huweza kubonyeza kitufe ambacho asingeweza kukilenga kwa kishale.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa shirika la W3C, toleo la 2.0 la Desemba 2008, unataka shughuli za tovuti ziweze kutekelezwa kwa kibodi, isipokuwa zile zinazotegemea mwendo wenyewe wa mkono, kama kuchora. Nchini Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Tangu mwaka 2014 huduma nyingi za serikali zimekuwa zikihamishiwa kwenye jukwaa la eCitizen. Katika hali hii, tovuti yoyote ya huduma yenye kitufe kisichofikiwa kwa Tab ni ofisi iliyofungua dirisha na kukomea mlango.

Herufi za nani?

Kumbukumbu huhitaji kishikizo, na kishikizo cha njia nyingi za mkato ni Kiingereza. F, P na S ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutafuta, kupiga chapa na kuhifadhi. Mzungumzaji wa Kipsigis anayefundishwa kompyuta kwa Kiswahili hana budi kupitia lugha ya tatu. Hata hivyo, si herufi zote zilizo hivyo. Z, X, C na V zimepangana chini kushoto, karibu na Ctrl, na V haianzi neno la Kiingereza la kubandika. Huko kidole hukariri mahali.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Anaweza kufundisha kuwa F ni ya kufukua neno, P ni ya kupiga chapa, na T ni ya kutandika ukurasa mpya. Wafasiri wa programu nao hukabiliwa na swali hilohilo, kwani kila neno la menyu huhitaji herufi yake ya mkato. Jambo OpenOffice, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kuwa menyu zaweza kusema Kiswahili. Istilahi ikishapatikana, mbinu ya kuikumbuka nayo itafutwe.

Hitimisho

Imebainika kuwa kipanya kinamfaa anayeona na asiyejua njia, ilhali kibodi inamfaa anayerudia kazi na asiyeweza kulenga. Kwenye simu ya mguso kidole hufanya kazi ya kipanya, lakini fomu ndefu na tasnifu bado huandikwa kwa kibodi. Kipanya hujifundisha chenyewe kwa kuonekana. Njia za mkato hazionekani. Zisipotajwa na kufundishwa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, kwake yeye ni kana kwamba hazipo.