Selimundu, Malaria na Nasaba: Mfano wa Epidemiolojia ya Jeni Kisiwani Pemba

Epidemiolojia ya jeni ni taaluma inayochunguza namna urithi wa wazazi unavyoshirikiana na mazingira katika kuleta maradhi, au kuyazuia, miongoni mwa jamii. Kwa Pemba, mfano ulio dhahiri ni selimundu. Chanzo chake ni kidogo mno: asidi-amino moja tu, ya sita katika mnyororo mmoja wa himoglobini, imebadilika. Hata hivyo, chembe nyekundu zinapopungukiwa na oksijeni hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali.

Kwa nini basi jeni hiyo haikutoweka? Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alitoa jibu mwaka 1954: aliyerithi jeni moja tu si mgonjwa, bali hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo ilionekana kwa wingi katika pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa uhaba katika nyanda za juu.

Pemba imebadilika. Tangu mwaka 2003, kwa dawa mseto, kisha vyandarua na upuliziaji, malaria imepungua mno visiwani Zanzibar. Faida ya jeni imefifia, ilhali jeni yenyewe haiondoki kwa kasi hiyo. Wazazi wawili wenye jeni moja moja bado, katika kila mimba, wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Kwamba damu ya mtoto haisomeki pasipo kuyatazama mazingira yake kulidhihirika Pemba kwa njia nyingine pia. Jaribio la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi foliki, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, lilisitishwa mwaka 2003 kwa kuwa waliopewa walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao. Malaria ilikuwa bado nyingi wakati huo.

Linabaki suala la istilahi, nalo si dogo. Neno "selimundu" limeundwa vyema: seli iliyotoholewa, na mundu anaoujua kila mkulima. "Kinasaba" lina uzito mwingine. Linaeleweka upesi kuliko "jeni", lakini linagusa nasaba, jambo linaloulizwa kabla ya posa. Familia ikiambiwa kuwa kinasaba chake kina kasoro, huenda ikasikia kuwa ukoo umetiwa doa. Ndoa za binamu, zinazokubalika kisiwani, huongeza uwezekano wa wote wawili kurithi jeni ileile kutoka kwa babu mmoja, ingawa penye jeni nyingi hata wasio na udugu huweza kukutana nayo. "Mbebaji" nalo hutumika pia kwa aliye na vijidudu, hivyo hudokeza uambukizo usiokuwapo. Kwa mshauri wa afya huko Wete au Chake Chake, "mwenye jeni moja" ni maelezo marefu kidogo, lakini hayamfanyi mzima kuwa mgonjwa.