Kuchagua Maua ya Zambarau kwa Bustani ya Nyumbani

Tazameni ganda la biringanya. Si jekundu, wala si jeusi, wala si la buluu. Rangi yake ni zambarau. Maua mengi yana rangi hiyo, mengine iliyokolea, mengine hafifu. Watu hupenda kuyapanda mbele ya nyumba. Nyuki pia huyafuata, maana macho yao huona vizuri buluu na zambarau, lakini nyekundu hawaioni.

Walakini uzuri wa ua hautoshi. Mwenye bustani mwenye akili, kabla ya kushika jembe, hujiuliza maulizo matatu: Mmea huu unataka jua au kivuli? Ukikomaa, utakuwa mkubwa namna gani? Je, unaweza kudhuru watu, wanyama au maji? Haya, fikirini maulizo hayo moja moja.

1. JUA AU KIVULI?

Bugenvilia ni mmea wa jua. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Philibert Commerson, Mfaransa mwenye elimu ya mimea, aliuona Brazili mwaka wa 1767. Akaupa jina la mkuu wa safari yao, Louis-Antoine de Bougainville.

Bugenvilia ikipandwa kivulini hutoa majani mengi na maua machache. Ikipandwa mahali penye jua tangu asubuhi hata jioni, hujaa rangi. Ikiisha kushika mizizi, usiinyweshe mno, maana maji mengi hupunguza maua. Uishike kwa uangalifu, kwa kuwa ina miiba. Tena uichunguze vizuri: kile ambacho watu hukiita ua, kwa kweli ni majani matatu mepesi kama karatasi. Maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati.

Sentpolia ni kinyume chake. Ni mmea mdogo, wenye majani laini yaliyojaa vinyweleo. Kwao ni milima ya Usambara katika Tanzania, na sehemu nyingine za jirani. Mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka Ulaya, na siku hizi watu wa nchi nyingi huupanda ndani ya nyumba zao. Huko milimani huota kwenye miamba, penye unyevu na kivuli cha miti mikubwa. Kwa hiyo jua kali la adhuhuri huunguza majani yake. Uweke katika chungu barazani, penye mwanga bila jua kali. Ukiunywesha, mwagia udongo, usimwagie majani.

Basi, mimea hii miwili ina maua ya rangi moja, lakini mahali pa mmoja ni kifo cha mwingine.

2. MKUBWA AU MDOGO?

Watu wa Lubumbashi wanaujua sana mti wa jakaranda. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa 9 na wa 10, mvua ikiwa karibu kuanza, matawi yake hufunikwa na maua. Yakianguka, barabara nayo hugeuka kuwa zambarau.

Mche wa jakaranda ndani ya mkebe ni mdogo kama kiganja cha mtoto. Ni rahisi kuuweka karibu na ukuta na kusema, “Hapa panatosha.” Lakini mti huo huweza kufika urefu wa meta 15. Matawi yake yatalala juu ya paa, majani yatajaza mifereji ya mvua, na baba wa nyumba atalazimika kuukata mti alioutunza miaka mingi. Afadhali kuupanda mbali na nyumba, au kuuacha kabisa kama lupango ni mdogo.

Penye nafasi ndogo, tunbergia yafaa zaidi. Ni kichaka cha Afrika, chenye kimo cha meta 2 hivi. Ua lake ni kama tarumbeta ndogo: nje zambarau, ndani ya koo manjano. Hukubali kukatwa kwa mkasi, kwa hiyo huweza kuwa ugo mzuri. Tena ua hilo latufundisha jambo: zambarau huonekana vizuri zaidi karibu na manjano au nyeupe. Ikiwa peke yake kati ya majani ya kijani kibichi, hupotea machoni jua likitua.

Na mtu ambaye kiwanja chake hakitoshi kwa maua na kwa chakula, afanyeje? Apande vyote viwili pamoja! Biringanya hutoa maua ya zambarau kabla ya kutoa matunda. Viazi vitamu hutoa maua yenye koo la zambarau, na aina nyingi za kunde vilevile. Mama apitaye katika shamba la namna hiyo hupata uzuri wa macho asubuhi, na mboga jioni.

3. SALAMA AU HATARI?

Duranta ina vishada vya maua madogo ya zambarau, kisha matunda ya manjano yanayong’aa kama ushanga. Matunda hayo yana sumu. Haifai kupandwa mahali wanapocheza watoto wadogo, ambao hutia kila kitu kinywani.

Utupa nao una maua ya zambarau au meupe, na hurutubisha udongo. Lakini tangu zamani watu huponda majani yake na kuyatia majini ili kuua samaki. Kwa hiyo usiupande karibu na bwawa la samaki.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote ni la gugu-maji. Ua lake ni zuri sana: zambarau hafifu, lenye doa la manjano mfano wa jicho. Kwao ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua kwa ajili ya uzuri wake tu, wakalitia katika mabwawa ya bustani zao, nchi baada ya nchi, hata likafika Afrika.

Katika miaka ya 1950 gugu-maji lilienea katika mto Kongo. Mahali linapopendezwa, huweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa majuma mawili hivi. Leo mimea kumi, baada ya majuma mawili ishirini, kisha arobaini, kisha themanini. Mkondo wa mto ulichukua visiwa vizima vya majani. Vyombo vilikwama, mashine zao zikazongwa. Wavuvi walishindwa kupitisha mitumbwi na kutega nyavu. Chini ya majani yale maji hukosa hewa, na samaki hufa. Serikali ilitumia fedha nyingi kulipiga vita, lakini halikwisha, maana mbegu zake hukaa hai katika tope miaka 15 na zaidi. Hata leo lipo. Katika ziwa Viktoria pia limewatesa wavuvi wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Nani alileta taabu hiyo yote? Si adui. Ni watu waliopenda ua, wasiulize ulizo la tatu.

Kwa hiyo, ukiliona gugu-maji, usichukue hata chipukizi moja kwenda nalo nyumbani. Na usitupe mimea ya bustani mtoni wala ziwani. Ing’oe, uianike juani hata ikauke kabisa.

NENO LA KUSHIKA

Ua huchanua siku chache, lakini mmea hukaa miaka mingi. Asiyetazama ila ua, huchagua kwa siku chache. Anayetazama mmea wote, na mahali pake, na jirani zake, huchagua kwa miaka.

MAULIZO

1. Kwa sababu gani bugenvilia na sentpolia hazipandwi mahali pamoja?
2. Taja mimea mitatu ya chakula yenye maua ya zambarau.
3. Kwa nini utupa haufai karibu na bwawa la samaki?
4. Mtu ana mimea 5 ya gugu-maji bwawani. Ikiongezeka mara mbili kila majuma mawili, baada ya majuma manane atakuwa na mimea mingapi?
5. Kazi: Tafuta ua moja la zambarau karibu na nyumba yenu. Lijibie maulizo matatu ya somo hili, kisha mweleze mwalimu kama lapaswa kubaki pale lilipo.