NYUMBA ZA POSTA ZA ZAMANI ZISIACHWE KUANGUKA KIMYA

Nkome ni kijiji cha ufukoni mwa Ziwa Viktoria, katika Wilaya ya Geita. Wengi wanaokijua hukijua kwa samaki na kwa vyombo vyake vya majini, maana hapo ndipo watu huabiri kwenda upande wa Chato, na wengine kwenda kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Ni mara chache mtu kuuliza jambo jingine juu ya mahali kama hapo: zamani habari zilifikaje? Mzazi aliyekuwa na mwana kazini mbali alijuaje kwamba mwanawe yu mzima? Jibu la swali hilo limo katika historia ya nyumba moja ndogo, ambayo miji midogo mingi ya nchi yetu ilikuwa nayo, na ambayo watu wa vijiji vya jirani waliiendea kwa miguu. Nyumba hiyo ni posta.

Wazee wa pwani walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Lakini waraka hauna miguu. Kabla ya kuwapo nyumba za posta, miguu yake ilikuwa ya tarishi, aliyekwenda siku nyingi porini akiwa na barua zimebanwa katika kijiti kilichopasuliwa ncha, ili zisichafuke kwa jasho la mkono. Huku kwetu kusini mwa Nyanza jambo hili lilijulikana mapema. Mmisionari Alexander Mackay, alipoondoka Buganda mwaka 1887, alikaa Usambiro, kusini mwa ziwa, mpaka alipofariki hapo Februari 1890. Kituo chake kilikuwa mahali pa kupumzikia barua na mizigo kati ya Buganda na pwani. Mwaka 1889 Stanley na Emin Pasha walipita hapo katika safari yao ya kwenda Bagamoyo. Basi mtu asidhani ya kuwa nchi ya ziwa ilikuwa gizani, ikingoja kuletewa habari. Njia zilikuwapo, na watu wa kuzipita walikuwapo. Kilichokosekana ni nyumba yenye mlango ulio wazi kwa kila mtu, na bei moja kwa tajiri na maskini.

Posta ya Kijerumani ilifunguliwa Bagamoyo na Dar es Salaam mwezi Oktoba 1890. Mwaka 1893 stempu za Kijerumani zilianza kupigwa chapa ya thamani ya pesa, kwa kuwa hapa watu walihesabu kwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka huo huo ndio nyumba ya posta ilipojengwa Dar es Salaam, karibu na bandari. Nyumba hiyo ingali imesimama, na ingawa uso wake ulibadilishwa, jina lake limeshinda mabadiliko yote: kituo cha daladala kilicho hapo huitwa Posta ya Zamani, hata na vijana ambao hawajapata kununua stempu maishani mwao. Bagamoyo nako jengo la posta ya zamani, lenye mlango wa nakshi, hutazamwa na wageni. Unguja, posta ya Shangani ilijengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ramani ya John Sinclair, na yahesabiwa miongoni mwa fahari za Mji Mkongwe.

Huku bara, barua ilifuata reli na meli. Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa ziwa mwishoni mwa mwaka 1901, barua ya Mwanza iliweza kuvuka kwa meli hadi Kisumu, ikapanda gari la moshi mpaka Mombasa. Ikawa ajabu ya mambo: nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini njia yake ya karibu ya kufika baharini ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Ni mwaka 1928 tu ndipo reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Baadaye, mwaka 1961, meli Victoria ilipoanza safari zake katika ziwa, ilipewa heshima ya kuitwa RMS, yaani meli ya kifalme ya barua. Kwa hakika, kwa watu wa mwambao wa Nyanza, sauti ya honi ya meli ilikuwa pia sauti ya posta.

Machimbo nayo yalikuwa na sehemu yake. Mgodi wa Geita ulipoanza kazi katika miaka ya 1930, uliwakusanya watu waliotoka makwao, na mtu aliyetoka kwao ndiye mwenye haja ya barua. Aliye mbali hutaka kupeleka salamu, na zaidi ya salamu hutaka kupeleka fedha. Hapo ndipo tuionapo kazi halisi ya posta ya mashambani. Haikuwa duka la stempu. Palikuwa mahali pa kutumia na kupokea hawala ya fedha. Mahali pa kupeleka telegramu ya msiba. Mahali pa simu ya mbali, ambapo mtu aliketi akingoja kuunganishwa. Na mahali pa kuweka akiba kidogo kidogo. Kazi zote hizo zilikaa chini ya paa moja, mara nyingi katika chumba kisichozidi hatua kumi, chenye meza ndefu, mizani, gundi na muhuri wa tarehe.

Muhuri huo wastahili kutazamwa peke yake. Ulikuwa na jina la mahali. Kila barua iliyotoka ilibeba jina hilo mpaka Nairobi, Bombay au London, na huko mtu asiyejua lolote juu ya mji huo mdogo alisoma jina lake kwa wino. Mji uliopata muhuri ulikuwa umepata jina mbele ya ulimwengu. Vijiji visivyokuwa na muhuri viliazima anwani za wengine: shule, misheni, chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Ndiyo maana mpaka leo watu wazima wengi huandika anwani ya sanduku la shule waliyosoma, kama kwamba hilo ndilo kabila lao la pili.

Sasa, ni nini kilichoidhoofisha nyumba hii? Wengi hujibu haraka kwamba ni simu ya mkononi. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933. Chini ya mkataba wa mwaka 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu ya posta na simu yakawekwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha Shirika lake la Posta na Simu. Kisha shirika hilo likagawanywa: kuanzia Januari 1994, posta ikawa shirika mbali na simu ikawa kampuni mbali. Tazama basi matokeo yake kwa nyumba ndogo ya mashambani. Simu iliyosaidia kulipa mshahara wa karani ilikwisha ondoka chini ya paa lake kabla simu ya mkononi haijaenea. Na mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, hawala ya fedha nayo ikahamia katika vibanda vya barabarani. Nyumba iliyojengwa kwa kazi nne ikabaki na moja, na hiyo moja nayo ikipungua mwaka hata mwaka.

Hatusemi haya kwa kulilia yaliyopita. Mvuvi anayepeleka fedha nyumbani kwa dakika moja hana sababu ya kutamani siku alizopanga foleni. Tunasema kwa kuwa nyumba zilizobaki ziko hatarini, na sheria yenyewe haizitazami. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu kuwa kumbukumbu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo hupata ulinzi likitangazwa na Waziri. Na sisi tumekwisha ona kwamba posta za kwanza zilifunguliwa mwaka 1890. Maana yake ni kwamba hakuna nyumba hata moja ya posta bara inayolindwa kwa umri wake. Ya Dar es Salaam hulindwa na ukubwa wa jina lake, na ya Shangani na sifa ya Mji Mkongwe. Je, ile ya mji mdogo wa pamba au wa machimbo italindwa na nani?

Wako watakaosema kwamba kijiji chenye shida ya maji na zahanati hakina nafasi ya kuhangaikia kuta kuukuu. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini tuitazame vizuri. Jengo lenye kuta imara na paa lililotoboka ni mali. Kulibomoa na kujenga jingine ni gharama. Kuliziba paa na kulipa kazi mpya ni akiba. Chumba cha posta chaweza kuwa maktaba ya wanafunzi, au ofisi ya serikali ya kijiji, au mahali pa kupokelea vifurushi, kazi ambayo posta ingali nayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 huipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo, ambao hutumika kulinda misitu na visima, waweza pia kutumika kulinda jengo.

Tena liko jambo lisilohitaji hata shilingi moja, nalo ni kuandika. Katika kila mji mdogo wako wazee waliokuwa makarani, matarishi na wapagazi wa mifuko ya barua. Wao wanajua nyumba ilijengwa lini, kwa matofali ya nani, na siku gani ilifungwa. Walimu wa historia wawatume wanafunzi wakawaulize na kuandika majibu. Mihuri na mizani viwekwe mahali salama. Daftari za hawala na rejista zitunzwe kwa adabu, kwa kuwa zina siri za familia, na siri ya barua ndiyo iliyokuwa heshima ya kwanza ya karani wa posta.

Taifa huhifadhi ngome na majumba ya watawala bila kushurutishwa. Lakini ngome hutueleza habari za waliotawala, ilhali nyumba ya posta hutueleza habari za mama aliyengoja barua, mchimbaji aliyetuma mshahara wake, na mtoto aliyepokea matokeo ya mtihani. Hao ndio wengi wetu. Kila mji wenye nyumba hiyo na uamue sasa, wazee wake wangali hai, kama utaitunza au utaiacha mvua imalize kazi.