Mapatano ya Bandari za Dar es Salaam na Tanga, 1914

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza na Wajerumani walitangulia kupatana. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza Astraea iliupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitumaini kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885 ungeyaweka makoloni nje ya vita vya Ulaya, na maofisa wake wakakubali masharti: mji usipigwe tena, nao Wajerumani wasifanye uadui wowote bandarini. Tarehe 17 Agosti, Tanga nayo ikapata mapatano ya namna hiyo.

Mapatano hayo yalizaliwa dhaifu. Waliopatana walikuwa manahodha na watawala wa kiraia. Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, hakuyataka, na wakubwa wa London walikataa kuyaidhinisha. Tena yalihusu bandari tu. Siku mbili kabla Tanga haijapatana, Wajerumani walikuwa wameshaiteka Taveta, upande wa pili wa mpaka.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza Fox ilifika Tanga. Nahodha wake, F. W. Caulfeild, alimwita mtawala wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamwambia kuwa mapatano yamekwisha na mji usalimishwe ndani ya saa moja. Kisha akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu, swali la ajabu kumuuliza adui.  Auracher alirudi nchi kavu, akavaa sare zake za askari wa akiba na kujiunga na kikosi. Waingereza walipokuwa wakisitasita, reli ya Usambara ilikuwa ikileta askari kutoka Moshi.

Jenerali Aitken, mkuu wa jeshi la Waingereza lililoshuka Tanga, alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Waliomshinda hawakuzidi sana 1,000. Katika mapigano hayo, nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia watu bila kuchagua upande. Tarehe 5 jeshi lake lilirudi melini, likiacha ufukweni bunduki na shehena ya risasi. Hapo yakafanyika mapatano mengine, mafupi na yaliyoheshimiwa: Kapteni Richard Meinertzhagen wa Waingereza alishuka na bendera nyeupe, na majeruhi wakarudishwa kwa ahadi ya kutopigana tena.

Huko bara hapakuwa na mapatano ya aina yoyote. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma na kuikata reli ya kati. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi huko Ugogo, nchi ya Dodoma, na mvua zilipokosekana ikaingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.