Shabu na Dawa za Shambani

Huku mpakani, toka Busia zote mbili hata Tororo, swali ni lile lile, nami nimechoka kuulizwa: maji ya kinamasi yakitiwa shabu yakang'aa, dawa ya shamba iliyoingia humo si imekwisha kuondoka? Muulizaji aghalabu hunionyesha na ndoo yenyewe, juu maji maangavu, chini tope la rangi ya chai, kana kwamba jicho la mwanadamu limepata kuwa mizani ya sumu.

Ile rangi, itokayo katika mafunjo yaozayo kinamasini Sio-Siteko, si sumu. Ni mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, membamba hata hupenya chujio la maabara lenye matundu ya maikroni 0.45, nayo hunasa sumu zisizopenda maji, hususan ile DDT ambayo Kenya iliipiga marufuku mashambani mwaka 1986, ilhali zipendazo maji, kama 2,4-D ya kuulia magugu ya mahindi, huyapita bila hata salamu. Basi, madhali shabu hukokota mabaki hayo pamoja na kilichoshikamana nayo, DDT hupungua, walakini 2,4-D husalia karibu yote katika maji yale yale mnayoyasifu.

Kujua kilichoshikwa ni kiasi gani kuna njia yake: Carter na Suffet, mwaka 1982, walitumia mfuko wa utando upitishao DDT na kuyazuia mabaki, wakangoja hata pande mbili zitulie, wakapima kila upande, kilichozidi penye mabaki ndicho kilichoshikwa. Nayo DDT hugandama kwenye kioo, hivyo asiyeisuuza chupa kwa kiyeyushio hupata hesabu ya uongo. Tuseme kila lita ina miligramu 20 za kaboni ya mabaki, na nguvu ya kunasa ni lita 100,000 kwa kilo: thuluthi mbili za DDT zimeshikwa, thuluthi moja ni huru, na hiyo huru ndiyo ipenyayo mashavu ya samaki.

Kuchemsha nako huua vijidudu, lakini 2,4-D hukolea tu mvuke ukipaa. Basi kunyweni maji ya kisima kirefu kilichofunikwa, au ya mvua paa likisha kuoshwa. Bomba la dawa lisioshewe mtoni. Makaa yaliyoamilishwa hufaa, si ya jikoni, nayo yabadilishwe mapema kwani mabaki huyashibisha upesi. Na tope la shabu lifukiwe mbali na kisima.