Gemu la saa 24: Hata bingwa ana zamu ya kulala

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, Julai 21, 2024, Max Verstappen alikuwa bado macho. Bingwa huyo wa dunia mara tatu wa mbio za magari za Formula One alikuwa Hungaria, ambako mchana wa siku hiyo hiyo alitakiwa kushindana na gari la kweli. Lakini usiku ule alikuwa mbele ya skrini, ameshika usukani wa gemu, akiisaidia Team Redline katika mbio za mtandaoni za saa 24 zilizochezwa kwenye mfano wa kompyuta wa barabara ya Spa, Ubelgiji.

Mchana ulipofika alimaliza wa tano, baada ya kugongana na Lewis Hamilton na kumlalamikia kwa hasira mhandisi wake kwenye redio. Maswali yakaanza: je, ni kukosa usingizi? Mwenyewe alikataa, akasema anajua namna ya kujiandaa. Hata hivyo, mshauri wa timu yake ya Red Bull, Helmut Marko, aliwaambia waandishi wa habari kuwa wamekubaliana asicheze tena hadi usiku mwingi kiasi hicho katika wikiendi ya mbio.

Kwa maneno mengine, mtu mzima, tajiri na bingwa wa dunia aliambiwa na wakubwa wake kazini kile ambacho wazazi wengi huwaambia watoto wao kila siku: kesho una kazi, kalale.

Mbio moja haithibitishi kitu. Miezi miwili kabla, Mei 2024, Verstappen na wenzake wa Team Redline walishinda mbio nyingine za mtandaoni za saa 24, za Nürburgring, na Jumapili hiyo hiyo akashinda mbio za kweli huko Imola, Italia. Lakini ukitazama namna timu kama hizi zinavyojipanga, kuna jambo ambalo mzazi anaweza kulichukua na kulitumia nyumbani.

Mchezo wa zamu

Mbio za namna hii hazichezwi na mtu mmoja. Gari moja huwa na madereva kadhaa, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, pengine kila mmoja katika nchi yake. Wana kiti, usukani na pedali zilizounganishwa na kompyuta, na huzungumza kupitia hedifoni. Gari linapoingia kujaza mafuta na kubadilisha matairi, dereva mmoja anaachia na mwingine anaendelea kutoka mahali alipo.

Juni 2020, mbio maarufu za Le Mans za Ufaransa zilipoahirishwa hadi Septemba kwa sababu ya corona, waandaaji walifanya toleo la mtandaoni. Yalishiriki magari 50 na madereva 200, yaani wanne kwa kila gari. Ukigawa saa 24 kwa watu wanne, kila mmoja anapata wastani wa saa sita za kuendesha. Zinazobaki ni za kula, kunyoosha mwili, kumsikiliza mwenzake na kulala.

Kanuni hiyo haikuanzia mtandaoni. Mwaka 1952, Mfaransa Pierre Levegh alijaribu kuendesha mbio za kweli za Le Mans peke yake, bila kumwachia mwenzake. Aliongoza kwa mizunguko kadhaa, lakini ilipobaki takriban saa moja tu injini ikaharibika, na wengi wakasema uchovu ulimfanya akosee gia. Leo kanuni za Le Mans haziruhusu dereva kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya kipindi cha saa sita.

Mtandao ulipokata

Kuna upande mwingine ambao wazazi wengi hawauoni. Januari 2023, Team Redline ilirudi kwenye Le Mans ya mtandaoni. Mbio zilisimamishwa mara mbili kwa matatizo ya seva. Baadaye, zikiwa zimebaki saa sita na ushee, gari la Verstappen lililokuwa likiongoza likakatika ghafla kwenye mtandao. Liliporudi lilikuwa limepoteza mizunguko na nafasi nyingi.

Verstappen aliwashambulia waandaaji kwa maneno makali, akaliondoa gari mashindanoni na kusema hatashiriki tena. Gari jingine la timu hiyo hiyo liliendelea na likashinda.

Ikiwa mtu mzima mwenye uzoefu wote huo anaweza kuwaka kwa sababu mtandao umekata, fikiria kijana wa miaka 14 ambaye mzazi amechomoa waya au kuzima data katikati ya mechi. Free Fire na PUBG Mobile, zinazochezwa sana kwenye simu, nazo huchezwa kwa timu. Ukimkatia mmoja, unawaangusha na wenzake, na yeye ndiye atakayelaumiwa. Hasira inayofuata si lazima iwe utovu wa adabu. Mara nyingi ni aibu mbele ya marafiki.

Hii haina maana kwamba mzazi anyamaze. Maana yake ni kwamba mazungumzo yafanyike kabla gemu halijaanza, kwa sababu katikati ya mechi hakuna anayesikiliza.

Mwili hauna kitufe cha kuwasha upya

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mwanafunzi wa sekondari anayeamka saa 11 alfajiri anapaswa kuwa amelala ifikapo saa tatu usiku ili apate angalau saa nane. Akicheza hadi saa sita, ana saa tano tu.

Mwanga wa skrini huchelewesha homoni inayouandaa mwili kulala, na msisimko wa mashindano huufanya moyo uende mbio hata baada ya simu kuzimwa. Tafiti zimeonyesha pia kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, hali hiyo hufanana na kileo cha asilimia 0.10. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayevuka barabara asubuhi na kukaa kwenye mtihani.

Mpange kama timu

Kwanza, muulize mtoto gemu analocheza linaendaje: mechi moja ni dakika ngapi, anacheza na nani, je, linaweza kusimamishwa katikati? Jibu hilo litakusaidia kuweka sheria inayotekelezeka. "Mechi mbili, ya mwisho ianze kabla ya saa mbili" ni rahisi kufuata kuliko "usicheze sana."

Pili, panga zamu ya kulala kwanza, kisha gemu lipate nafasi iliyobaki. Simu ilale sebuleni au chumbani kwa wazazi, na ya mzazi pia.

Tatu, weka mapumziko. Kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20 ili macho yapumzike. Kati ya mechi na mechi asimame, anywe maji, anyooshe mgongo na vidole.

Nne, akishindwa, mpe muda wa kupoa kabla ya kumsemesha.

Zipo dalili zisizofaa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya kompyuta kuwa ni ugonjwa: mtu hushindwa kujizuia, gemu hutangulizwa mbele ya mambo mengine yote, na huendelea kucheza hata madhara yakiwa wazi. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa kipindi cha miezi 12. Hivyo, kukesha usiku mmoja wa likizo si uraibu. Lakini alama zikishuka, chakula kikiachwa na marafiki wa mtaani wakisahaulika miezi kwa miezi, mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na mwendee kama mgonjwa badala ya mkosaji.